Wasia wa Nyumba ya Ndui

Tarehe 4 Februari

Mwanangu,

Nakusalimu kutoka chini ya mvua ambayo haijui kupumzika. Mimi ni mzima wa kujikokota. Magoti yanalalamika kila ngazi, presha inapanda inashuka, lakini dawa nameza na chakula hakinishindi. Mjukuu wangu Kibogoyo hajambo? Mwambie bibi yake anauliza kama meno ya mbele yameota, au bado anatafuna kwa ufizi kama kikongwe mwenzangu.

Sasa kaa chini, nina jambo.

Unaijua Nyumba ya Ndui iliyo nyuma ya uwanja wangu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa hupiti karibu nayo mpaka nikushike mkono, na mimi sikuwahi kukueleza vizuri mle ndani mna nini. Miaka ile ya ndui, wagonjwa walifungiwa humo mpaka wapone au wafe. Karani aliogopa kuwasogelea, kwa hiyo hakuandika jina la mtu hata mmoja. Wakajiandika wenyewe ukutani, kwenye chokaa, kwa misumari, kwa vijiko, kwa kucha. Wako mia mbili na kumi na saba. Bibi yako, mama yetu mimi na marehemu baba yako, hakujua kusoma. Alikuwa msusi. Akachora chanuo. Liko kando ya dirisha, lina urefu wa kiganja changu na meno saba. Handaki walimozikwa halina alama yoyote, ni majani matupu. Kwa hiyo mimi nikitaka kuzuru kaburi la mama yangu, nazuru chanuo.

Paa limeoza. Kamati yetu ya wazee watano inaziba kwa maturubai, na maturubai nayo yanataka kuzibwa. Nimeamua kuandika wasia. Nikifa, nyumba yangu na uwanja wake viwe vya kamati. Nyumba ipangishwe, kodi yake itunze paa na kuta, na uwanja ubaki kuwa njia ya kufika pale, maana njia nyingine hakuna. Nimeshamwona wakili, yule mzee mwenye kigugumizi. Alipokwama kwenye neno "marehemu" nikamsaidia kulimalizia.

Najua kwa damu nyumba hii ilikuwa ije kwako. Mimi sikujaliwa mtoto, na baba yako ametangulia. Nimebaki na wewe tu. Ndiyo maana nakuandikia kabla ya kusaini. Usiponibariki nitasaini vilevile, lakini mkono utakuwa mzito.

Shangazi yako


Tarehe 19 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeipata, nashukuru. Sisi hatujambo. Kibogoyo ameota jino moja, limepinda, na analionyesha kwa kila anayepita. Kazini nako si haba: nimetolewa chumba cha wapiga chapa, nimepewa meza yangu peke yangu kwenye masjala ya ardhi, mlango wa pili kutoka kwa Mkuu. Meza iko dirishani. Wenzangu wananiuliza nimempa nini, nami najiuliza hivyo hivyo.

Kuhusu nyumba, Shangazi, usiniwazie vibaya. Sikuwahi kulala nikiiota. Uliyenilea ni wewe, na mali yako ni jasho lako la miaka thelathini na tano ya kuzalisha watoto wa watu. Baraka unazo.

Ila nakuomba kitu kimoja. Usiharakishe. Subiri mvua ziishe, presha itulie, ndipo uende kwa wakili. Mambo ya ardhi siku hizi yana watu wengi. Mtu akionekana anasaini saini, anavuta macho. Na nadhani si lazima kumwambia kila mtu habari ya hiyo njia.

Ni hayo tu. Usiniulize sana, ni mawazo ya mtu anayeshinda na mafaili.

Mwanao


Tarehe 7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Jino lililopinda ni la ukoo, baba yako alikuwa nalo, na alipata mke vilevile. Mwambie asijali.

Hongera kwa meza. Lakini barua yako imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ukisema "usiniulize sana" kwa mtu aliyekuwa muuguzi, umemwambia kuna jipu mahali na hutaki liguswe. Basi siligusi.

Nikupe habari za huku. Juma lililopita vilionekana vigingi nyuma ya Nyumba ya Ndui, vimepakwa rangi nyekundu kichwani, vimepangwa mstari. Hakuna aliyevileta. Yaani kila niliyemuuliza hakuona. Mlinzi wetu, yule tunayemwita Kikohozi kwa kuwa unajua alipo kabla hujamwona, aliving'oa vyote akachemshia maji ya kuoga. Akasema, "Sista, rangi hii inanuka, lakini inawaka vizuri."

Siku mbili baadaye nikapata mgeni. Bwana wa suti ya kijivu, mpole, sauti ya mtu wa msibani. Alikaa sebuleni akasifu chai yangu, na ile chai ilikuwa imeungua. Akasema, "Mama, Mzee Kokoto anakusalimu." Nikamwambia simjui. Nani hamjui? Kila jengo jipya mjini limejengwa kwa kokoto zake. Bwana akasema, "Mji unakua, Mama. Wafu hawahitaji barabara." Nikamjibu kwamba wafu hawahitaji, ila wanaowazuru wanahitaji. Akacheka, akanipa pole ya presha, akanipa na pole ya kushughulika na wakili mwenye kigugumizi. "Lazima uwe na subira," akasema. Akainuka, akatembea polepole mpaka dirisha la nyuma, akatazama nje. Kisha akaaga.

Nimeamua kutongoja mvua. Nitasaini Jumanne ya tarehe 20, saa tatu asubuhi. Shahidi wangu ni Kikohozi, tutakwenda naye kwa miguu kwa ile njia ya mkato. Nimekwambia wewe tu.

Shangazi yako


Tarehe 15 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kwa haraka, kwa kalamu ya kuazima. Usisaini tarehe hiyo. Ahirisha. Mwambie Kikohozi akae nyumbani kwake. Tafadhali, kama umewahi kunipenda.

Usiniandikie tena kwa sanduku la ofisi. Tumia la fundi saa aliye mkabala na nyumba yangu, nimemwandika nyuma ya bahasha. Barua hii ichome.

Sisi wazima.


Tarehe 2 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Hii ni barua ya tatu, na bado sijapata hata mstari. Kila jioni napita kwa fundi saa. Sasa hata simwulizi, ananiona tu mlangoni anatikisa kichwa huku jicho moja liko kwenye ile lenzi yake. Nilipiga simu posta ya huko, nikaambiwa laini imekatika kwa sababu ya mvua. Nilimwuliza dereva wa lori anayekuja huko. Akasema amesikia kuna mtu ameumizwa, hajui nani.

Nani ameumizwa, Shangazi? Niandikie neno moja tu. Andika "mzima". Siombi zaidi.

Hapa nimeanza kuogopa vitu vya kijinga. Mtu akisimama nyuma yangu nikiwa napiga chapa, vidole vinasahau herufi. Juzi Mkuu alisimama hivyo, akasema, "Binti yako anasoma ile shule ya geti la bluu, sivyo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Shule nzuri. Iko karibu na barabara, lakini." Akaenda zake.

Mwanao


Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Mzima.

Kusaini nimeahirisha, kama ulivyotaka. Huenda nisisaini kabisa.

Aliyeumizwa ni Kikohozi. Asubuhi ile ya tarehe 20 alitangulia mbele, kavaa shati lake jeupe. Watu wawili walimngoja kwenye njia ya mkato, pale penye kalvati ya kupitishia maji. Hawakumwibia kitu. Walimwambia, "Wewe si wa kushuhudia mambo ya watu," wakamvunja mkono wa kulia. Niliufunga mwenyewe kabla hawajampeleka hospitali. Siku ya tatu nilikwenda wodini kumtazama nikakuta kitanda kimetandikwa. Muuguzi wa zamu anasema hakumwona akitoka. Mpaka leo sijui aliko.

Mvua inaendelea.

Shangazi yako


Tarehe 17 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo, ingawa sijui kama nina uso wa kukusalimu. Naandika kwenye ngazi za nyuma za fundi saa. Nitasema yote, nisipoyasema leo sitayasema.

Nilijua habari za vigingi kabla yako. Mwezi wa Januari, kabla hujaniandikia chochote kuhusu wasia, nilipiga chapa ombi moja. Lilikuwa la kampuni ya Mzee Kokoto, linataka kiwanja kilichoko nyuma yako, wajenge maghala. Nilipiga kama ninavyopiga mengine, macho kwenye karatasi, akili jikoni kwangu. Barua yako ya kwanza ilipokuja ndipo nililitafuta faili nikalisoma kama mtu. Kuna mstari unasema: "pamoja na uwanja wa mbele, mara utakapomfikia mrithi." Nilisoma mara tatu, Shangazi. Mrithi ni nani? Hukuzaa. Baba amekufa. Mrithi ni mimi. Walikuwa wameshanihesabu kabla sijajijua, na ile meza ya dirishani haikuwa zawadi ya kazi nzuri.

Barua yako ile ya kwanza niliipokea bahasha ikiwa imefunguliwa na kugundishwa tena. Nikanyamaza. Ya tarehe 7 Machi Mkuu aliniletea mwenyewe mezani, akavuta kiti, akasema, "Soma tu, tusikie habari za nyumbani." Nikaisoma. Kwa mdomo wangu huu. Nilipofika kwenye tarehe nikajaribu kuiruka, akasema, "Jumanne ngapi?" Nikamwambia. Akauliza shahidi ni nani. Nikamwambia. Siku ile ile nikakuandikia uahirishe, nikadhani nimefuta. Mkono wa Kikohozi niliuvunja mimi.

Lakini siyo hayo yaliyoniketisha hapa kwenye ngazi. Barua yako ya juzi ilinipa nafuu, nikaona sasa watatuacha. Nikaenda kwa Mkuu mwenyewe, bila kuitwa, nikamwambia, "Shangazi yangu hajasaini, na huenda asisaini." Alifurahi, akaniambia, "Vizuri sana. Mtu wa presha hahitaji haraka." Kisha akachukua kalamu akaniuliza, "Dawa zake anachukulia hospitali ipi? Na huenda siku gani?"

Shangazi, kwa nini anataka kujua siku ya dawa?

Nilisema sijui. Lakini naona macho yake hayakuniamini. Usiku silali, mchana sioni. Nimegundua kwamba maadamu hujasaini, kuna watu ambao wewe ukifa leo watapata wanachotaka kesho, na watakipata kupitia kwangu. Sasa nakwambia kinyume cha yote niliyokwambia. Saini, Shangazi. Saini hata leo. Kisha toka humo ndani.

Mwanao, ukikubali bado kuniita hivyo


Tarehe 26 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimeandika "mwanangu" na sikulifuta.

Na mimi nina langu. Lisome ukiwa umekaa.

Nilijua. Yule bwana wa suti ya kijivu aliponipa pole ya presha na ya kigugumizi cha wakili, nilitambua zilikotoka, kwa sababu habari hizo mbili kwa pamoja nilizitia katika barua moja tu, yako. Sikujua kama umeuza au umenyang'anywa. Nikataka kujua. Basi nikakuandikia tarehe ya uongo na shahidi wa uongo, nikakaa kungoja nione nani atakuja.

Wasia nilisaini tarehe 12 Machi, Jumatatu, mbele ya wakili. Mashahidi walikuwa mwalimu mkuu mstaafu na mama anayeoka mikate. Tarehe 20 haikuwa na kitu. Nilimwambia Kikohozi tu kwamba twende kwa wakili, atangulie mimi nakuja. Onyo lako lilikuwa bado njiani. Nikabaki dirishani, natazama ile njia. Nilidhani watakuja kuchungulia, au kutuzuia kwa maneno. Niliona shati lake jeupe likiteremka, likafika kwenye kalvati, halikupanda upande wa pili. Nilikimbia, mtu wa miaka sabini na minne, nilikimbia. Kwa hiyo usijitwike mkono ule peke yako. Wewe ulitoa jina kwa hofu. Mimi nililitoa kwa ujanja. Hofu ina samahani yake.

Nilikudanganya kuwa nimeahirisha kwa sababu wakili aliniomba tukae kimya mpaka mahakama iupokee wasia na kuupiga muhuri. Nikaona kimya ni salama. Barua yako ndiyo iliyonifumbua macho: kimya kile kilikuwa kinawapa sababu ya kunitaka nife mapema.

Maana hata hapa kuna lililotokea, nami sikutaka kukuandikia. Alhamisi ya wiki jana nilikwenda kliniki asubuhi. Niliporudi, mlango ulikuwa umefungwa kama nilivyouacha, hakuna kilichohama. Lakini chupa yangu ya dawa ilikuwa imekazwa sana. Vidole vyangu vina baridi yabisi, miaka minne sasa siwezi kukaza kifuniko hivyo. Niliifungua kwa koleo. Vidonge vilikuwa vya rangi ile ile, idadi yake sikumbuki. Huenda ni mimi. Huenda mikono ilipata nguvu siku moja ikasahau kuniambia. Nilivimwaga chooni, nikaenda kuchukua vingine, na sasa chupa inalala kifuani mwangu ndani ya nguo. Vyombo vya maji navisuuza kabla ya kunywa. Chai namwachia paka aonje kwanza, naye hapendi chai, tunatazamana.

Muhuri umepigwa juzi. Kuna nakala mahakamani, ya pili iko kwa wakili, ya tatu kwa mwoka mikate chini ya unga. Sasa hatutaki siri tena, tunataka kelele. Waambie. Usimwambie Mkuu peke yake mlango ukiwa umefungwa. Sema mahali penye watu wengi, useme na tarehe. Kisha mshike mwanao mkono mwende nyumbani.

Naogopa, mwanangu. Nimeona watu wengi wakifa, na sikujua kuwa nitaogopa hivi.

Shangazi yako


Tarehe 9 Mei

Shikamoo Shangazi,

Nimesema.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne, wakati wa chai, masjala imejaa. Wapiga chapa walikuwepo, wapimaji walikuwepo, na watu wa foleni ya hati walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Mkuu alitoka chumbani kwake na kikombe mkononi. Nilisimama. Nikashika meza. Nikasema kwa sauti ambayo sikujua kama ni yangu: "Mkuu, ulikuwa unaniuliza habari za shangazi yangu. Ameshaandika wasia tangu tarehe 12 Machi. Mahakama imeupiga muhuri. Nyumba na uwanja ni vya kamati ya Nyumba ya Ndui. Mimi sirithi hata kijiko."

Mkuu alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia mzaha asiouelewa. "Kwani nani amekuuliza habari za kijiko?" Nikamwambia, "Uliniuliza tarehe, nikakupa, na mtu akavunjwa mkono. Uliniuliza siku yake ya dawa. Nimekuja kukujibu mbele ya wote."

Mzee mmoja wa foleni akasema, "Alaa!" Ilikuwa hiyo tu. Lakini Shangazi, hiyo "alaa" ilinisimamisha. Mkuu aliweka kikombe juu ya rafu, akakikosa, kikaanguka. Akaingia chumbani mwake. Hakuna aliyeokota vipande.

Nikaenda shule moja kwa moja. Pale kwenye geti la bluu, upande wa pili wa barabara, alisimama bwana wa suti ya kijivu akisoma gazeti. Simjui sura, lakini ulivyomwandika alikuwa yule yule. Aliniona. Nilimshika Kibogoyo mpaka akalia, "Mama, unaniumiza." Yule bwana alikunja gazeti mara mbili, akalitia kwapani, akatazama saa yake, akaondoka, polepole, kama mtu ambaye basi lake limekwishapita. Jumatatu na Jumanne hakuwepo. Lakini huwa natazama nguzo ile hata ikiwa tupu.

Jumatatu nilikuta mtu mwingine kwenye meza ya dirishani. Barua ya kunishukuru kwa utumishi wangu ilipigwa chapa vibaya, wamenikosea hata cheo. Mpiga chapa mmoja alinifuata ngazini akanipa mfuko wa vitu vyangu. Ndani nilikuta nakala ya lile ombi la Januari, lenye mstari wa mrithi na muhuri wa masjala. Sikumwuliza alivyoipata. Naituma kwa wakili kwa mkono wa dereva wa lori, siiamini posta.

Hapa sina tena cha kungojea. Naomba nije, na Kibogoyo. Ukisema hapana nitaelewa.

Mwanao


Tarehe 22 Mei

Mwanangu,

Marahaba, marahaba mara kumi. Nilipoisoma barua yako nilivua miwani mara mbili.

Karatasi imefika. Wakili aliisoma kwa sauti mbele ya kamati, na kwenye neno "mrithi" hakukwama hata kidogo, alilipiga kama nyundo. Ameipeleka kwenye baraza la ardhi, na wao wamesimamisha ombi mpaka lisikilizwe. Kusimamisha si kufuta, anasema, tusicheze ngoma. Mkuu wako nasikia amepewa likizo. Mzee Kokoto yeye haumwi na kitu, juzi alipita hapa barabarani na gari lake jeusi, kioo kimepandishwa, mwendo wa maziko. Halikusimama.

Kikohozi yu hai. Dada yake alimtorosha wodini usiku, sasa yuko kwake, mji mwingine. Nilimpata kupitia kwa mama wa mikate, nikaenda mwenyewe siku ya Jumamosi. Mkono umeunga vibaya, hauinuki juu ya bega. Nilimwambia ukweli wote, kwamba nilimtuma makusudi, na kwamba tarehe ile haikuwa na kitu. Alikohoa muda mrefu sana. Kisha akasema, "Sista, ungeniambia tu. Ningekwenda vilevile." Hakusema nimekusamehe. Hakusema sijakusamehe. Dada yake alinisindikiza mpaka kituoni bila kunishika mkono. Kurudi hatarudi, na sina ulimi wa kumwomba.

Kazi yake tunaigawana sisi wazee. Kila siku mchana tunaingia Nyumba ya Ndui wawili wawili, mmoja anashika taa, mwingine ananakili majina kwenye daftari. Tumefika mia na arobaini. Mimi bado nikitoka mle ndani nafunga mlango wangu kwa kufuli mbili na kuegemeza kabati. Wakili anasema sasa kifo changu hakimnufaishi mtu yeyote, nami namwambia hiyo ni sifa nzuri kwa mtu wa umri wangu. Lakini kuna watu hudhuru hata pasipo na faida, kwa hasira tu.

Njooni. Chumba cha nyuma nimekifagia. Njooni mchana, msishuke kituo cha kwanza, shukeni cha sokoni penye watu. Msipite njia ya mkato. Mkifika usigonge kwa nguvu. Gonga mara moja, kisha useme jina langu, lile ulilokuwa ukiniita ulipokuwa hujui kutamka maneno vizuri. Sijaliandika hapa wala popote. Hata ukilisema nitakuuliza na swali, na sitafungua mpaka unijibu.

Usikasirike, mwanangu. Kibogoyo akishangaa mweleze taratibu. Si kwamba sikuamini. Ni kwamba nataka niweze kuendelea kukuamini.

Shangazi yako